Mashua ndogo ya Lymington

Kama siku moja unapata njia ya kufika Uingereza, usibaki mu London tu. Shuka kusini mpaka Lymington, muji mudogo kwenye mulango wa muto, ngambo ya Kisiwa cha Wight. Zamani watu wa pale walitajirika kwa kupika chumvi ya bahari. Leo ni mashua tupu. Milingoti inasimama mingi sawa matete. Siku ya posho soko linajaza barabara kubwa, lakini weye pita, teremuka mpaka kwenye maji.

Tafuta pale mashua inayoitwa Contessa 26. Haitavuta macho yako. Urefu wake karibu metri 7.8, upana metri 2.3. Ni mu muji huu Jeremy Rogers alianza kuitengeneza mu miaka ya 1960, yeye pamoja na David Sadler aliyeichora. Umbo walilitwaa kwa Folkboat, mashua ya mbao ya watu wa Skandinavia, lakini mbao waliiacha, wakatumia nyuzi za kioo.

Utauliza: kioo kinaelea namna gani? Wanakivuta kinakuwa nyuzi nyembamba, wanazifuma kama kitambaa. Halafu wanatwaa kalibu kubwa (kazi ni ile ile ya kalibu ya matofali), wanaipakaa nta, wanalaza vitambaa ndani na kuvilowanisha na rezini, tabaka juu ya tabaka. Ikikauka, wanatoa mwili muzima wa mashua: hakuna musumari, hakuna kiungo cha mbao cha kupitisha maji, mchwa hawawezi kitu. Na kalibu moja inazaa mashua nyingi za kufanana. Ndiyo maana hata watu wa mushahara wa kadiri walianza kuwa na mashua yao.

Lakini siri haiko kwenye kioo, iko chini. Mashua nzima inapima karibu kilo 2,450, na kati ya hizo zaidi ya kilo 1,000 ni metali iliyofungiwa chini kabisa, ndani ya mukuku. Ninyi watoto wa migodi munajua uzito wa metali. Upepo ukiilaza mashua kwa ubavu, ule uzito unaivuta irudi wima. Tena mukuku wenyewe ni murefu, unafika mpaka kwenye usukani kule nyuma, kwa hiyo mashua inashika njia yake bila kuyumba-yumba.

Uhodari huo una bei. Ndani ni kwembamba: vitanda kama rafu za duka, jiko dogo, na mutu murefu anatembea ameinama. Inje, mashua iko chini sana karibu na maji, mawimbi yanapanda juu yake, baharia analowana kutwa. Mwenye kupenda starehe anunue ingine.

Tania Aebi hakutafuta starehe. Alikuwa musichana wa miaka 18 kule New York, na baba yake alimupa kuchagua: masomo ya juu ao mashua. Alichagua mashua. Mu mwezi wa tano 1985 akaondoka peke yake mu Contessa 26 iliyojengwa Kanada, jina lake Varuna. Alipita Panama, Pasifiki, Bahari ya Hindi, Bahari Nyekundu, Mediterania. Njia aliipima kwa jua na nyota, na ufundi huo alijifunza akiwa safarini. Mwenzake kwa sehemu kubwa ya safari alikuwa paka. Alirudi New York mu mwezi wa kumi na moja 1987, amezunguka dunia. Ila mu Pasifiki alikuwa amebeba rafiki mwendo wa maili 80 hivi, na kwa sababu hiyo tu hawakumuandikia rekodi ya kusafiri peke yake. Mimi naona hesabu hiyo ni kali mno, lakini sheria ni sheria.

Ukifika Lymington, panda kivuko cha kwenda Yarmouth. Ni dakika 40 hivi. Simama juu, uangalie mashua zinazopita chini yako. Halafu pima hatua kubwa nane hapo unaposimama: Varuna yote inaenea mule.