Onduparaka: Maji ya Juu na Maji ya Chini

Msafiri atokaye mjini Arua hawezi kusema kwa hakika ni wapi mji unapokoma na Onduparaka inapoanza. Nyumba za mabati, maduka na gereji hufuatana, na nyuma yake husalia vipande vya muhogo na miembe ya zamani. Wengi walilijua jina hili kwa sababu ya timu ya kandanda, iliyopanda Ligi Kuu ya Uganda mwaka 2016. Lakini tangu Arua ilipopewa hadhi ya jiji, tarehe 1 Julai 2020, habari kubwa zaidi ya kitongoji hiki ni maji.

Magharibi, mpakani na Kongo, upo mgongo wa nchi unaoyagawa maji ya mvua. Tone likiangukia upande wa pili hushika njia ya Mto Kongo hadi Bahari ya Atlantiki. Likiangukia upande huu huelekea Nile na Misri. Arua i karibu na mgongo huo, na kwa hiyo mito yake ingali midogo. Mto Enyau, ambao umekuwa ukiupatia mji maji ya bomba, hupungua sana wakati wa kiangazi, kuanzia Desemba hadi Machi. Mto ukipungua, uchafu haupungui: taka, sabuni ya waosha magari na mafuta machafu ya gereji hukuta maji machache ya kuyazimua.

Ndipo watu wa vitongojini huyategemea maji ya chini. Chini ya udongo mwekundu upo mwamba mgumu wa kale, na juu yake tabaka la mwamba uliooza, ambamo maji ya mvua hujikusanya. Tabaka hilo ni ghala la visima na chemchemi. Lakini shimo la choo nalo huchimbwa katika tabaka lilo hilo.

Zamani boma la Mlugbara lilikuwa na nafasi, choo kikawa mbali na kisima. Leo ardhi imekatwa viwanja, na kila kiwanja kina choo chake. Kanuni iliyozoeleka ni kwamba choo kiwe umbali wa mita 30 au zaidi kutoka kisimani, upande wa bondeni, na kina chake kikome angalau mita 2 juu ya usawa wa maji. Kiwanja kidogo hakina mita 30. Mwenye kisima aweza kukiweka choo chake vizuri, kumbe cha jirani aliye upande wa mlimani kiko hatua kumi tu. Maji hayajui mipaka ya viwanja. Kwa hiyo jambo hili ni la mtaa mzima, tena lapasa kuzungumzwa kabla mtu hajainua jembe kuchimba.

Mama wa nyumbani, hata aliyepanga chumba kimoja, na hata wa askari ambaye kesho atahamishwa, ana njia za kujilinda. Akitazame kisima baada ya mvua kubwa: maji yakibadilika rangi, ni dalili kwamba maji ya juu yanaingia. Mdomo wa kisima uinuliwe kwa saruji, uwe na mfuniko na mfereji wa kuondoa maji yaliyomwagika. Ndoo ya kutekea iwe moja, isiyowekwa chini. Maji ya kunywa yachemshwe hadi yatokote. Moto huua vijidudu vya kipindupindu na homa ya matumbo, lakini hauondoi mafuta, wala naitreti itokayo vyooni, ambayo ni hatari hasa kwa mtoto mchanga anayenyweshwa maziwa ya kopo. Kwa hiyo kisima kilicho karibu na vyoo au gereji kipimwe, na kikionekana kibaya kiachiwe kazi ya kufyatua matofali. Mvua nayo, inayonyesha kwa wingi hapa, ikingwe kutoka mabatini.

Maji hufuata mkondo, walisema wahenga. Mji unaokua pasipo kuyapangia maji njia utayakuta yamejipangia yenyewe, kutoka chooni hadi mtungini. Onduparaka bado ina nafasi ya kuchagua, maadamu viwanja vingine havijajengwa. Wazee wa mtaa, wenye nyumba na wapangaji wakae pamoja sasa, kabla mvua za Aprili hazijaanza.