Amana ya Ardhi

Tulipokuwa Luanda Kotieno tukingoja feri ya Mbita, mzee mmoja wa Usoma, jirani na uwanja wa ndege wa Kisumu, alituuliza: “Shehe, shamba la marehemu baba lilichukuliwa ili ndege zitue salama. Wakijenga ofisi za kampuni hapo, ni halali?” Tulinyamaza kitambo. Kisha tukamjibu kwamba aliyekabidhiwa kitu kwa sharti hana ruhusa ya kuligeuza sharti peke yake. Hata Katiba ya 2010, kifungu cha 10, yataka wananchi washirikishwe. Basi, ndugu zetu, tangazo la kubadili matumizi ya ardhi likibandikwa, tusilipite. Tulisome, tuandike pingamizi, tutie sahihi kabla muda haujapita. Wallahu aalam.