Siku ya Katiba, Kusini mwa Lexington

Louisville ina Wakongo na Warundi wengi, kiasi kwamba mtu anaweza kununua dagaa, kusali na kuzika kwa Kiswahili bila kuhitaji kwenda mbali. Ndiyo maana nilikuwa sijaifuata hata mara moja barabara namba 64 inayokwenda mashariki, mpaka jirani yangu, mama mmoja Mmarekani mweusi, mwalimu mstaafu, aliponiambia kuwa chama chao cha nasaba kinapitia upya katiba yake. Kwetu Tanzania nimekaa katika vikao vya ukoo, nikaona watu wakibishana mchana kutwa juu ya ada na zamu ya uenyekiti. Nilitaka kuona hawa wanabishania nini, nikafuatana naye.

Tulipita pembeni mwa Frankfort, makao makuu ya jimbo la Kentucky, tukaingia nchi ya farasi: majani mabichi, uzio wa mbao, mazizi yaliyojengwa vizuri kuliko nyumba nyingi nilizowahi kulala. Mama aliendesha huku akinieleza kazi yao. Kila mwanachama hujitolea kunakili vitabu vya wilaya moja, yaani ndoa, wosia, makaburi na hati za mashamba, kisha nakala hutolewa bure. Desturi hiyo ina mizizi hapahapa. Mwaka 1996 mradi wa nasaba wa mtandaoni, USGenWeb, ulianzia Kentucky, mtu mmoja akibeba wilaya moja, na jimbo lina wilaya 120.

Kusini mwa Nicholasville alisimamisha gari Camp Nelson. Wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe, zaidi ya wanaume weusi 10,000 walijiandikisha hapa kuwa askari, na kwa kujiandikisha wakawa huru. Wake na watoto wao waliowafuata hawakupewa uhuru huo. Novemba 1864, kwenye baridi kali, wanajeshi waliwafukuza kambini watu wapatao 400 na kubomoa vibanda vyao. Kama 100 kati yao walikufa. Kelele zilizopigwa baada ya hapo zilisaidia kuzaa sheria ya Machi 1865 iliyoziweka huru familia za askari. Babu mkuu wa mama alikuwa mmoja wa askari hao, na jina lake lipo katika karatasi za jeshi. Jina la mkewe lilikosekana kila mahali.

Lilikosekana kwa sababu ya namna watu walivyohesabiwa. Katika sensa za 1850 na 1860, watumwa waliorodheshwa chini ya bwana wao kwa umri, jinsia na rangi, bila majina isipokuwa kwa nadra. Ni sensa ya 1870 iliyowaandika kwa majina kama watu wengine. Mama alimpata bibi yake huyo katika wosia wa mwenye shamba, kati ya ng'ombe na vitanda, akiwa ametiwa bei. Alimpata kwa kuwa mtu aliyenakili kitabu kile hakuruka mstari. Wengi walikuwa wakiruka: waliandika jina la marehemu, la warithi na la mashahidi, basi.

Kikao kilifanyika katika ukumbi wa maktaba ya mji mdogo. Mzee mmoja aliomba utaratibu mapema: tangazo lilisema katiba yote inapitiwa, kwa hiyo kila kifungu kiko wazi, hata kile ambacho kamati haikukigusa. Kwa mujibu wa kanuni za vikao za Henry Martyn Robert, zilizochapwa mara ya kwanza mwaka 1876, alisema kweli. Hoja yake ndiyo iliyompa mama nafasi ya kuleta kifungu chake.

Vifungu vya uchaguzi na akidi vilipita haraka. Kifungu cha umiliki kikachukua muda, na kilistahili. Mjitoleaji akifariki, watoto wake hutupa maboksi, na kazi ya miaka mingi hupotea. Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua mwaka 1991, katika kesi ya kitabu cha simu, kwamba orodha tupu ya majina na namba haina hakimiliki, lakini ubunifu wa kuchagua na kupanga unaweza kuwa nayo. Wajumbe wakakubaliana kuwa kila anayenakili akabidhi nakala kwa chama kadiri anavyoendelea, wala asingoje amalize.

Kisha mama akasimama na kifungu chake: anayenakili wosia au orodha ya mali anakili jina la kila mtumwa, na jina hilo liingie kwenye faharasa kwa nafasi yake lenyewe, si chini ya bwana tu. Hakuna aliyempinga waziwazi. Baadhi walitaka jambo hilo liwekwe katika kanuni za kazi, ambazo ni rahisi zaidi kuzibadili. Nakubaliana na jibu la mama kwa moyo wote: kinachobadilika kirahisi ndicho kilichowaacha watu hawa nje tangu mwanzo. Katika katiba, kukifuta kutahitaji taarifa ya mapema na theluthi mbili ya kura. Aliketi bila kutaja habari za bibi yake.

Kifungu kilipata theluthi mbili na zaidi. Mweka hazina akauliza nani atapitia nakala za zamani zilizorukwa mistari, ikaandikwa kwenye muhtasari kwamba kazi itaanza na vitabu vya wosia vya miaka ya 1830. Mama alichukua kitabu cha kwanza, nami nikakubali kuwa msomaji wake wa pili, wa kulinganisha kila ukurasa wa nakala na picha ya kitabu chenyewe.