Fainali saa 9 usiku, na presha ya Baba

Usiku wa kuamkia Ijumaa hii ya Juni 2025, saa 9:30 kwa saa za kwetu, Oklahoma City Thunder na Indiana Pacers wanaanza fainali ya ligi ya mpira wa kikapu ya Marekani, NBA. Songea mwezi Juni saa hizo ni baridi ya kupenya mifupa, na walio macho ni walinzi na mbwa. Nyumbani kwetu kuna mmoja zaidi anayetaka kuwa macho: Baba, mwalimu mstaafu, miaka 66, aliyelazwa siku nne Januari mwaka huu kwa presha ya 190 kwa 115.

Utauliza, mzee wa Songea na Oklahoma wapi na wapi? Huu ni mji wa Majimaji, na mtu akisema mpira hapa anamaanisha wa miguu. Jibu ni Hasheem Thabeet. Juni 2009, nikiwa darasa la sita, kijana huyo wa Dar es Salaam mwenye futi 7 na inchi 3 alichaguliwa namba 2 na Memphis Grizzlies, mbele ya James Harden aliyekuwa wa 3 na Stephen Curry wa 7. Baba alikata picha yake gazetini akaibandika sebuleni, pembeni ya kalenda ya parokia. Wenzake humcheka hadi leo wakimtajia hayo majina ya Harden na Curry. Yeye hujibu, "Nitajie Mtanzania mwingine aliyefika huko." Wananyamaza.

Mwaka 2012 Hasheem alihamia Thunder, na Baba akahama naye. Hasheem akaondoka 2014, Baba akabaki. Alikuwepo mwaka 2016 walipoongoza mechi 3 kwa 1 dhidi ya Golden State kisha wakatolewa, na wiki chache baadaye Kevin Durant akahamia kwa hao hao waliowatoa. Mama anasema siku zile chakula kilikuwa kinarudi jikoni kama kilivyoletwa.

Safari hii Thunder ndio wakubwa. Wameshinda mechi 68 kati ya 82 za msimu wa kawaida, Pacers 50. Walipokutana mara mbili msimu huu, Thunder walishinda zote. Wana Shai Gilgeous-Alexander, mchezaji bora wa msimu na mfungaji anayeongoza, na ulinzi wao ni kama nyuki. Lakini mimi nawaogopa Pacers. Katika mechi ya kwanza na New York walikuwa nyuma kwa pointi 14 zikiwa zimebaki dakika zisizofika tatu, wakasawazisha na kushinda 138 kwa 135 katika muda wa nyongeza. Timu ya namna hiyo haikuruhusu kwenda kulala ukiwa unaongoza.

Tena wana Pascal Siakam wa Kamerun, mchezaji bora wa fainali ya upande wa Mashariki. Huyu alisomeshwa seminari, baba yake akitamani awe padri, na mpira wa kikapu aliuanza akiwa kijana mkubwa. Kwa mkoa wenye Peramiho na Likonde, hiyo si habari ndogo. Mama alipoisikia aliuliza kama hao mapadri walikubali kirahisi hivyo.

Sasa kwa nini nayaandika haya kwenye ukurasa wa familia? Kwa sababu mshindi ni anayetangulia kushinda mechi nne, kwa hiyo zinaweza kufika saba, kutoka Ijumaa hii hadi alfajiri ya Jumatatu ya tarehe 23, zote zikianza saa 9 au 9:30 usiku na kumalizika kukikaribia kupambazuka. Mtu akilala, presha yake kwa kawaida hushuka. Kumnyima mgonjwa wa presha usingizi usiku baada ya usiku ni kuunyima moyo saa zake za kupumua. Halafu kuna jazba. Ujerumani ilipoandaa Kombe la Dunia mwaka 2006, watafiti wa Munich walikuta kwamba siku timu yao ilipocheza, dharura za moyo ziliongezeka zaidi ya mara mbili, hasa kwa wenye ugonjwa wa moyo tayari. Nilimsomea Baba habari hiyo. Akasema, "Mama, hao walikuwa wanaangalia mpira wa miguu."

Nilipendekeza aangalie marudio saa 4 asubuhi, akiwa ameshakunywa chai na dawa. Alikataa. Mechi ya marudio kwake ni kiporo, na tangu Januari tumeshamwondolea chumvi, mishikaki na kahawa ya pili. Hapo nilikosa la kusema. Kazini naandika kila wiki wagonjwa waache hiki na kile. Sijawahi kuandika wabakiziwe nini.

Tulikwenda naye kwa daktari wake. Akatoa mechi tatu, zisifuatane, dozi isirukwe, alale saa 2 usiku na arudi kulala mechi ikiisha. Akisikia maumivu ya kifua, kichwa kuuma sana au ganzi upande mmoja, televisheni inazimwa na tunawahi hospitali. Nami nikaongeza langu: hakuna jiko la mkaa kwenye chumba kilichofungwa, hata baridi iweje, maana hewa yake ya sumu haina harufu.

Kwa hiyo utabiri umegeuka kuwa suala la nyumba. Ukiwa na mechi tatu, unazitumia zipi? Ukiweka akiba ya mechi ya saba, huenda wakamaliza katika ya tano, ukaamka kombe limeshabebwa. Mimi nasema Thunder watashinda katika mechi sita, hivyo achukue ya kwanza, ya nne na ya sita. Baba anasema tano. Ya kwanza ameshaichukua, nyingine mbili hataki kuzitaja, kama mtu anayeficha karata.

Mama naye atakaa nasi, kitenge begani na mashine ya kupimia presha mapajani. Anashabikia timu yoyote itakayomaliza mapema.