Hayo Maua Meupe ya Emali Si ya Picha

Wasee wa Nairobi, mkishuka Emali kula nyama choma na kupiga picha kando ya Mombasa Road, kuna maua fulani madogo meupe huwa nyuma yenu. Majani yake yanafanana na ya karoti. Nishaona dada mmoja ameyachomeka nywele, anatabasamu. Manze, toa hiyo kitu.

Hilo ni gugu linaloitwa parthenium. Watanzania wanaliita gugu karoti, na mimi nitashika hilo jina kwa sababu linaeleweka. Asili yake ni huko Mexico na Amerika ya Kati. Likigusa ngozi linaweza kuwasha hadi utoke vipele, na mwenye pumu vumbi la maua yake linamkaba. Shambani linazuia mimea mingine kumea. Ng'ombe akililila, maziwa yanakuwa machungu.

Hiyo ya maziwa sikuisoma mahali. Mama wa hoteli aliyekuwa akinunua maziwa ya Susu alirudisha mtungi mzima, akasema wateja wanauliza chai imewekwa nini. Siku tatu mfululizo. Susu ana ng'ombe wawili tu, na hayo maziwa ndiyo karo ya binamu yangu.

Sasa, kwa nini Emali? Angalia ramani. Barabara ya Mombasa inapita hapa, ya kutoka Loitokitok inaishia hapa, reli ya zamani na ya SGR zote zinapita hapa, na siku ya soko mifugo inatoka Kajiado na Makueni kote. Mbegu za hili gugu ni ndogo sana na mmea mmoja unaweza kutoa zaidi ya 10,000. Zinapanda lori kwa tope la magurudumu, kwa mchanga wa ujenzi, kwa nyasi kavu, hata kwa kwato. Mji unaoishi kwa wapita njia unapokea kila kitu wanachobeba.

Baada ya mvua afisa mmoja alikuja kwa Susu akamwambia kisheria lazima asafishe shamba. Na ni ukweli. Kuna Sheria ya Kukomesha Magugu Haribifu, Sura ya 325, na gugu karoti liliingizwa kwenye orodha yake mwaka 2010. Ukiwa na ardhi yenye gugu hilo unatakiwa kuling'oa. Ukikataa baada ya kupewa notisi, serikali inaweza kuingia, isafishe, halafu ikudai gharama. Mimi sina shida na hiyo sheria. Tuling'oa, mimi na binamu yangu, Jumamosi nne.

Lakini upande wa pili wa fensi kuna ploti ya ekari moja, imejaa gugu hadi kiunoni. Mwenyewe anaishi Nairobi. Hakuna anayemjua, broka aliyeuza alishabadilisha namba. Na ukivuka hiyo ploti ni kando ya barabara, ardhi ya umma, nayo ni nyeupe vilevile. Notisi alipata nani? Mama wa miaka sabini na kitu, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa nyumbani hodi ilipopigwa.

Sheria haisemi ni wanaoishi pale tu. Mwenye ardhi anahusika hata kama yuko Kileleshwa. Na serikali si malaika: watu wa Baringo waliishtaki mwaka 2006 juu ya mathenge, mti ambao walipandiwa kwa mradi miaka ya 1980. Walimleta kortini Nairobi mbuzi asiye na meno, yameharibiwa na maganda matamu ya huo mti. Watu walicheka, lakini 2008 mathenge ikatangazwa gugu haribifu. Mbuzi alifanya kazi kuliko barua zetu zote kwa ofisi za hapa.

Kwa hivyo hii post si ya wakulima. Ni yako wewe, mtoto wa Nairobi, ambaye baba yako ama anti yako alinunua ploti "huko Emali, karibu na SGR" na hajarudi tangu apewe hati. Mwambie atume mtu. Ling'olewe kabla halijatoa maua, udongo ukiwa bado na maji ndio mizizi itoke yote, na anayeng'oa avae glavu na nguo ya mikono mirefu. Asiwatupie mbuzi. Mbegu zilizoanguka hukaa ardhini miaka, so mtu arudi kila mvua, si mara moja ya kupiga picha.

Na kama ploti yenu ina geti la samawati lisilo na ukuta na mkebe wa maji uliotoboka, ni-inbox tafadhali. Susu anauliza jina la jirani yake.