Mtoto Aliyeachwa Kwenye Barafu

Filamu ya The Snowman ya mwaka 2017 ni mbovu, na tunasema hivyo kwa huzuni. Imepigwa Norway, nchi ya wamisionari walioanzisha Hospitali ya Kilutheri ya Haydom, jirani zetu hapa Hirbadaw, basi tuliitazama kwa hamu. Muuaji anaua wanawake mmoja baada ya mwingine, sanamu za theluji zimezagaa, mpelelezi Harry Hole analewa. Nani kajua nini, na kwa vipi, hatukuelewa. Mwongozaji Tomas Alfredson mwenyewe alisema asilimia 10 hadi 15 hivi ya mswada haikupigwa picha.

Lakini pengo moja lilituuma. Mwanzoni mtoto anamwona mama yake akizama na gari ziwani, barafu imepasuka. Tunapokuja kumjua tena ni mtu mzima, naye ndiye muuaji.

"Baba Mchungaji, nani alimchukua yule mtoto?" aliuliza binti mmoja wa kwaya, yeye mwenyewe kalelewa na bibi yake.

Filamu haisemi. Hatuoni shangazi, hatuoni jirani wa kumpa hata uji.

Katika ubatizo huwa tunawauliza wasimamizi kama watamtunza mtoto huyu. Siku hizi swali hilo tunaliuliza polepole, na jibu tunalingoja.