Ampli ya Diski za Koko



Tangu juma lililopita tumeulizwa mara nyingi, sokoni na njiani, ile mashini nyeusi iliyo juu ya meza ya chumba chetu ni ya nini, na kama ni kweli kikundi kimenunua muziki wakati minervali ya watoto wengi haijalipwa. Maulizo hayo ni ya haki. Tunayajibu hapa mara moja.

Pesa kwanza. Mfuko wa akiba haukuguswa, wala ule wa wagonjwa na matanga. Wamama kumi na wanane tulitoa dola tano kila mmoja, kwa mapenzi yetu, na jumla ikawa dola 90. Waliokataa hawakuchukiwa. Mmoja wao alisema wazi kwamba dola tano kwake ni mafuta ya kula ya nusu mwezi, na hakuna aliyembishia.

Sababu ni koko wetu mmoja aliyetoka upande wa Oicha. Ninyi wa Beni mnajua watu wa kule wamekimbia mara ngapi tangu Oktoba 2014. Wengine walibeba sufuria na godoro; yeye alibeba pia kikapo chenye diski 31, zimefungwa ndani ya kikwembe. Alizinunua moja moja miaka ya 1970 na 1980, kila mara kahawa ilipouzwa vizuri. Hapa Butembo anapokaa sasa hana kitu cha kuzipigia. Alikuwa akizitoa, akizipangusa, akisoma majina kwa kidole, kisha akizirudisha. Mwaka huu macho yameanza kushindwa kusoma hata hayo majina. Ndiyo maana hatukutaka kungojea.

Na si diski za bure. Kuna Abeti Masikini, mtoto wa Kisangani aliyeimba hata kwa Kiswahili na kufika jukwaa la Olympia kule Paris mwaka 1973. Kuna Mpongo Love, aliyekufa mwaka 1990 angali kijana. Kuna Mbilia Bel wa wakati alipoimba na Tabu Ley. Kuna Super Mazembe, Wakongo waliohamia Nairobi miaka ya 1970, na Samba Mapangala, ambaye kundi lake lilibeba jina la Virunga yetu. Mnakumbuka UNESCO ilipoiandika rumba katika urithi wa dunia, Desemba 2021? Kila mtu alitaja wanaume. Ndani ya kikapo cha koko wanawake si wachache.

Mashini ya kuzungusha diski ilipatikana kwa urahisi: mmoja wetu aliijua nyumbani kwa baba yake, imekaa miaka juu ya kabati. Ilihitaji mkanda mpya na sindano mpya. Iliyobaki ni ampli na bafle.

Tulipoanza kuzunguka madukani, karibu kila mahali tulionyeshwa kitu kimoja: sanduku lenye redio, Bluetooth, fasi ya USB, mikro mbili za kuimbia, mataa yanayochezacheza, na bei inayopungua kila ukigeuza mgongo. "Mama, hii ina vyote ndani." Tukauliza: ina PHONO? Kijana mmoja akatuonyesha tundu la AUX, akasema ni kitu kimoja. Si kitu kimoja, na hapa tunaomba mtuvumilie kidogo, kwa sababu ndipo pesa za watu zinapopotea.

Sindano inapopita ndani ya mfereji wa diski inatoa umeme mdogo sana, karibu milivolti 5 au chini ya hapo. Simu yako inatoa mara mia ya huo na zaidi. Na tena, sauti haikuchongwa kwenye diski jinsi ilivyoimbwa. Sauti nzito, ya besi na ngoma, ingetaka mfereji mpana mno. Diski ingejaa upesi na sindano ingeruka. Kwa hiyo wachongaji wanapunguza besi na kuongeza zile sauti nyembamba, kwa kipimo ambacho viwanda vilikubaliana tangu miaka ya 1950, na ampli ndiyo inayopaswa kurudisha kila sauti mahali pake. Fikirini maziwa ya unga. Yalikaushwa ili yasafiri, na usiporudisha maji kwa kipimo, mtoto hajanywa maziwa. Tundu la PHONO ndilo linalorudisha maji. AUX haijui kazi hiyo. Ukichomeka diski pale, Abeti ataimba kama yuko ndani ya chupa, mbali, bila besi, nawe utafungua sauti mpaka mwisho na bado hautoshelewi.

Pembeni ya PHONO mara nyingi kuna skrubu ndogo iliyoandikwa GND. Ni ya ule waya mwembamba unaotoka kwenye mashini ya diski. Usipoufunga hapo, bafle zinaweza kulia kama mzinga wa nyuki.

Kuna visanduku vidogo vya PHONO vinavyouzwa peke yake, na mashini nyingine za diski zinakuja nacho ndani. Ukiwa na kimoja cha hivyo, ampli yoyote inafaa. Kwetu tuliona ni waya mmoja zaidi, adapta moja zaidi, na mtoto mmoja zaidi wa kuzikanyaga.

Ampli za miaka ya 1970 na 1980 karibu zote zina PHONO, maana wakati ule diski ilikuwa chakula cha kila siku. CD zilipoenea, viwanda vingi vililiondoa tundu hilo. Sasa diski zimerudi kwa mtindo huko Ulaya na Marekani, na tundu limerudi kwenye baadhi ya ampli, si zote, hata ndani ya kampuni moja. Yamaha R-S202 haina PHONO. Yamaha A-S301 inayo. Sony STR-DH190, iliyotoka mwaka 2018, ina PHONO, redio na Bluetooth pamoja, na hiyo tungeichukua mbio kama tungekuwa na ndugu Ulaya wa kutuletea. Tunasema Ulaya kwa kusudi. Ile ya Marekani inataka volti 120, na hapa kwetu umeme ni 220.

Kwa hiyo mbele ya kulipa, geuzeni ampli msome mgongo wake. Vitu vilivyotumika Japani vinataka volti 100. Ukivichomeka ukutani kwetu, utapata moshi mbele ya muziki. Mashini ya diski nayo isomwe: baadhi ya mota za Marekani zinafuata mapigo 60 ya umeme wa kule, na kwenye 50 ya kwetu zinazunguka polepole, mpaka Mbilia Bel anapata sauti ya mwanaume.

Wati zisiwatishe. Sanduku dogo lililoandikwa 3000 PMPO halina nguvu hiyo. Tafuteni neno RMS. Kwa chumba kama chetu, wati 20 au 30 kila upande zinatosha na kubaki, isipokuwa unataka kuwaimbia na majirani.

Kuhusu vile visanduku vya diski vinavyofungwa kama valizi, vyenye bafle ndani: vinapendeza, na vingi vya bei ndogo vinakandamiza diski kwa gramu 5 na zaidi, wakati sindano nzuri inatosheka na 2 au 3. Kwa diski unayoweza kununua tena, fanya unavyotaka. Za koko hazinunuliki tena.

Tulichochukua ni ampli ya zamani yenye redio ndani, PHONO, AUX mbili, wati 35 kila upande, volti 220, iliyoingia kwa njia ya Kasindi. Mwenyewe alitaka dola 85, tukaachana naye kwa 60. Bafle mbili za mbao 20. Dola 10 zikaenda kwa mkanda na sindano. Haina Bluetooth, lakini waya wa simu kwenye AUX unafanya kazi ileile, na vijana wetu wamekwisha kuizoea.

Tulikuwa tumeiacha nyingine nzuri zaidi kwa macho. Tulibeba mashini yetu ya diski na diski moja mpaka dukani, tukazungusha kila kifundo kushoto na kulia, tukasikiliza bafle moja, kisha nyingine. Ile nzuri ilikuwa kimya upande wa kulia. Hii yetu ilikwaruza kidogo mara ya kwanza, kisha ikanyamaza. Tukaomba iwake saa nzima, tukaweka mkono juu yake: joto la mgongo wa mtoto, si la sufuria. Mwenye duka alichoka na sisi, lakini alitupatia viti.

Linalotusumbua ni umeme. Ukikatika na kurudi unarudi kwa hasira, kwa hiyo ampli inazimwa mara moja na kungoja dakika chache mpaka utulie. Kwa batiri ya volti 12 na ampea-saa 100 tunahesabu kutumia nusu tu, ili isife mapema: hiyo ni karibu wati-saa 600. Ampli za zamani zinakula, hata zikiimba polepole, kama wati 50. Ukiondoa kinachopotea kwenye konvertiseri, alasiri nzima inapatikana bila wasiwasi. Lakini konvertiseri za bei ya chini hazitoi umeme laini. Tulijaribu moja ya kuazima na bafle zikaunguruma, tukairudisha. Mwenye pano ndogo nyumbani afikirie zile ampli ndogo za kisasa za volti 12, zinazokula wati chache, pamoja na kisanduku cha PHONO tulichotaja juu.

Jumapili iliyopita koko alikaa karibu na bafle ya kushoto, kwa sababu sikio la kulia halisikii vizuri. Tulidhani atalia. Alitukemea. Tulikuwa tunashika diski kwa vidole katikati, na hatukuwa tumeipangusa. Akaonyesha: ukingoni, kwa viganja viwili, kitambaa kikavu, kwa kuzunguka. Kisha akatuambia nani aliimba na nani, na kahawa ilikuwa bei gani mwaka ule. Wasichana watatu waliandika katika daftari. Tutaendelea kila Jumapili saa tisa, na tunamaliza mapema ili wa kartie za mbali wafike kwao mbele ya giza.

Diski nne za 78 bado ziko ndani ya kikwembe. Mfereji wake ni mpana, zinataka sindano nene ya namna yake, na hii tuliyonayo ingezikwaruza. Mashini yetu ina mwendo wa 78, kwa hiyo sindano tu ndiyo inayokosekana. Mama mmoja anashuka Kampala mwezi ujao. Tumempatia karatasi yenye namba ya kichwa cha sindano. Kama nyumbani kwako kuna mashini ya zamani isiyotumika, utuletee tuangalie kwanza.